Maneno Kumi na Mawili Ndani ya Gunia

"Gunia langu liko kwa mama yako, simu yangu imekaangwa, na wewe ndiye uliyeniingiza kwenye hii pesa ya hewani! Sasa niambie, mwizi nimtafute wapi?"

Sikudhani Bushiri alikuwa amesimama katikati ya ua wake pale Makole, ufagio mkononi, na mpangaji wake Raheli amebanwa mlangoni mwa chumba chake kama kuku aliyekosa pa kupenya. Jua halijapanda vizuri na majirani walikuwa wameshasogeza ndoo zao karibu na ukuta, maana kusikiliza ni bure.

"Mama Aiman, gunia lako mimi sijaligusa."

"Hujaligusa! Limeota miguu likapanda lori lenyewe?"

"Khalidi ndiye aliyelipakia. Umemsikia jana akisema."

"Khalidi ni kuli. Kuli anapakia alichoambiwa apakie. Ninachotaka kujua, nani kamwambia."

"Wewe! Ulimwambia apeleke magunia matupu kumi na manne Chemba. Yalikuwa kumi na matatu, akachukua na la kukalia."

Sikudhani akafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Kwamba jambo lina maelezo haikumaanisha kwamba ni la kweli. Damas naye alikuwa na maelezo.

Huyo Damas alifika soko la Majengo miaka miwili nyuma, shati limepigwa pasi mpaka kwapani, akawauzia akinamama wa safu ya karanga kitu alichokiita sarafu. Weka elfu hamsini, kaa, angalia kwenye simu inavyopanda. Ikapanda kweli. Siku moja Damas naye akapanda, ila yeye alipanda basi, na simu zikabaki zinaonyesha mamilioni ambayo hayanunui hata kiberiti. Sikudhani alipoteza laki mbili, na kilichomuuma kuliko hizo laki mbili ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa akisifiwa soko zima kwa kutodanganyika.

Sifa hiyo aliitafuta kwa miaka ishirini na saba. Alianza na kopo moja la karanga na mtoto mgongoni. Mtoto huyo, Aiman, sasa ni fundi wa magari Singida na hupiga simu sikukuu hadi sikukuu. Mume alikuwepo, kisha akawa hayupo, na Sikudhani halizungumzii hilo kwa kuwa, anavyosema mwenyewe, mdomo wake una kazi nyingine. Pale sokoni wanamjua kwa bambo lake. Ni kile chuma chembamba chenye mfereji: unachoma gunia, kinakuletea punje za ndani bila kulifungua. Wengine huchoma mara moja, kwa adabu. Sikudhani huchoma mara tatu, juu, katikati na kitakoni, huku akimkodolea mkulima macho.

Miaka sita iliyopita bambo lilipofika kitakoni mwa gunia moja lilitoka na mchanga. Gunia lilikuwa la Paulina, mama yake Raheli, mkulima wa Chemba, aliyekuja nalo mwenyewe juu ya lori. Sikudhani alilimwaga palepale, watu wakiona. Mchanga ukatoka kopo zima, na ndani yake kokwa mbili za tende.

"Mchanga sijatia," Paulina alisema. "Na hizo tende, sisi kule tunazitoa wapi?"

"Kama mchanga umeupata, na tende utazipata."

Safu nzima ikacheka. Sikudhani akamkata bei ya sado moja, kile kindoo cha rangi ambacho sokoni ndicho kipimo. Paulina hakuacha kumuuzia, kwa kuwa Sikudhani hulipa siku hiyohiyo. Lakini kila msimu, wakishamalizana, huuliza kwa sauti ya chini, "Na sado yangu?" Na kila msimu Sikudhani hujifanya anahesabu kamba.

Ni Paulina aliyemleta Raheli kupanga Makole. Binti kamaliza chuo, kazi hakuna. Lakini kodi alilipa kila mwezi bila kukosa, na hilo ndilo lililomtia Sikudhani wasiwasi. Mtu anashinda ndani kajiziba masikio kwa vidubwasha, anacheka peke yake, anagonga kompyuta, hela anatoa wapi? Alijua wapo vijana wanaokaa vyumbani hivyohivyo wakiwatumia watu ujumbe wa kitapeli. Siku moja akaingia bila kubisha.

"Unamtapeli nani?"

Raheli akavua vidubwasha. "Shikamoo, mama. Kuna kampuni ya nje inafundisha kompyuta kusikia Kiswahili na Kigogo. Mimi nasikiliza watu wakiongea, naandika walichosema. Basi."

"Marahaba. Wanakulipa nini?"

"Dola. Ila siyo za karatasi, ni za mtandaoni."

"Kumbe! Mimi pesa nisiyoweza kuikunja nikaifunga kwenye pindo la kanga siitaki hata kuisikia."

"Siyo ile ya Damas, mama. Hii haipandi wala haikuahidi kitu. Dola moja inabaki dola moja. Wananipa tano leo, kesho saba. Hizo tano zikipita benki, zinafika hapa zimebaki mbili na barua ya pole. Huku zinafika dakika hiyohiyo. Kisha napata mtu wa kuzinunua, ananitumia shilingi kwenye simu."

"Mtu gani?"

"Simjui."

"Humjui!"

"Programu ndiyo inazishika dola mpaka mimi niseme shilingi nimeziona."

Sikudhani alifikiri. "Yaani dalali anakaa na gunia mpaka hela ionekane."

"Hivyohivyo."

"Madalali nawajua. Hapo ndipo naogopa zaidi."

Angeishia hapo, kama si Raheli kumrekodi siku moja akigombana na mteja aliyetaka aongezwe kiganja cha karanga. Raheli alimwomba ruhusa baadaye, akaipeleka sauti kule. Wakajibu kwamba wanamtaka mama huyo, aongee kama anavyoongea, asisome popote. Nusu saa, dola nne.

"Wanilipe kwa kusema?" Sikudhani aliuliza. "Mimi watu hunilipa ninyamaze."

Akaanza. Siku moja alieleza karanga ya mwaka jana inavyojulikana kwa kuitafuna, siku nyingine namna ya kumfukuza mgambo bila kumtukana. Na zile dola akazichoma bambo. Nne za kwanza alizibadilisha zote siku hiyohiyo, akaenda kwa wakala, akapewa noti, akazinusa. Wiki zilizofuata akarudia, kiasi kikubwa zaidi. Mara ya tatu alifanya peke yake, Jumapili, Raheli akiwa kanisani. Juu safi, katikati safi, kitakoni safi.

"Sasa umeridhika?" Raheli alimwuliza.

"Nimechoka kuchoma. Kuridhika ni kitu kingine."

Hata hivyo, akaanza kuziacha huko zikusanyike. Alikuwa na sababu. Fundi Luka wa Majengo alikuwa na mashine ya kusaga karanga, imetumika lakini nzima, laki nne na thelathini. Sikudhani alishaona chupa za siagi ya karanga zinavyonunuliwa na wafanyakazi wa ofisini waliojaa mjini, na magoti yake yalishamwambia kwamba mwaka wa ishirini na nane hayakai juani. Pesa ya sokoni huliwa na sokoni. Hii ya hewani, kwa kuwa haikunjiki, haikumshawishi kununua chochote.

Raheli alimpa sharti moja. Simu ilileta maneno kumi na mawili ya Kiingereza. "Yaandike, mama, uyafiche. Simu ikiharibika, haya ndiyo yanarudisha pesa. Mwenye maneno ndiye mwenye pesa. Usimwonyeshe mtu. Hata mimi."

"Hata wewe kwa nini? Una mpango gani?"

"Ndiyo maana nasema hata mimi!"

Sikudhani aliyanakili herufi kwa herufi bila kujua hata moja linasema nini. Kwenye karatasi hakutaka, maana panya wa ghala walishamlia mpaka kadi ya kliniki. Akachukua ile kalamu nene ya kuandikia alama magunia, akageuza ndani nje gunia analokalia pale sokoni, akaandika, akaligeuza tena, akalikalia. Nani angethubutu kuliinua? Gunia hilo lilikuwa kiti chake, na mdomo wa gunia ulikuwa jalala lake dogo: njiti, vizibo, alivyovitema, vyote humo.

Basi ikaja wiki ya mikosi. Jumamosi Khalidi alipeleka magunia matupu Chemba, kama ilivyo desturi, mnunuzi hutuma magunia yake yenye alama ili mkulima ayajaze. Sikudhani alikuwa msibani siku hiyo, akarudi Jumatatu akakuta kiti hakipo, na kabla hajauliza kipo wapi akaingia kwenye ugomvi na jirani yake muuza kachori kuhusu mpaka wa meza. Katika kuonyesha kwa mkono mpaka ulipokuwa tangu zamani, simu ikamchomoka ikatua ndani ya karai. Iliungua vizuri, pande zote.

Na Luka alishasema, Jumamosi ikifika anampa mashine mtu wa Kibaigwa.

"Nimpigie mama simu," Raheli alisema sasa pale uani, "alitafute gunia, aliweke pembeni."

"Thubutu! Alitafute, alifungue, ayasome? Simu yako nipe."

"Ya nini?"

"Nipe. Tunakwenda Chemba wote, na huko hatutangulizi habari."

Raheli alirudi chumbani kuichukua. Kisha akampa simu. Sikudhani akaizima, akaifunga kwenye pindo la kanga mafundo mawili. Wakapitia Majengo akanunua simu ya mtumba yenye kioo cha ufa, akarudishiwa na laini yake, wakapanda basi la njia ya Kondoa. Njia nzima binti aligeuzia uso dirishani. Sikudhani alikuwa akipiga hesabu: mama analima, binti anapangisha kwangu, gunia moja kati ya yote duniani linaangukia kwao. Kila alivyolizungusha lilikaa vibaya. Lakini pia, kila alipoangalia yale mabega ya Raheli, akaona si mabega ya mtu aliyeshinda kitu.

Paulina alikuwa akipeta mtama alipowaona. "Mbukwa, Mama Aiman! Mwenyewe? Lori si mpaka Alhamisi?"

"Mbukwa. Magunia yangu yamejaa?"

"Yamejaa, yameshonwa. Yale pale ndani."

"Nataka kuyafungua."

Ungo ukasimama hewani. Huko, gunia lililoshonwa hufunguliwa mbele ya mizani. Ukilifungua nyumbani kwa mwenyewe, majirani wakiwa wanapita na kuni zao, umemwita mwizi bila kutamka.

Raheli akaanza kumweleza mama yake kwa Kigogo, haraka haraka.

"Kiswahili!" Sikudhani alifoka. "Semeni na mimi nisikie."

"Namwambia pesa yako ya miezi mitatu imeandikwa ndani ya gunia moja na wewe unadhani tumeiba. Nimekosea?"

Sikudhani akashika pindo lenye simu.

Paulina akaweka ungo chini. Hakupandisha sauti. "Fungua. Lakini kila utakalofungua utalimwaga lote, uone mpaka kitakoni. Kisha utalishona kwa mkono wako. Sindano ninayo."

Wakatandika turubai. Gunia la kwanza likamwagwa: karanga nyekundu, kavu, zikagonga turubai kama mvua ya kwanza. Sikudhani akageuza gunia ndani nje. Hakuna maandishi. Akatazama rundo. Hakuna kokoto. La pili, hakuna. La tatu, la nne. Alijikuta anapekua karanga kwa vidole kuliko anavyokagua magunia, anatafuta kijiwe, kipande cha ganda, kitu chochote cha kumpa nafuu. Karanga zilikuwa safi hadi zinaudhi. Kwa miaka sita alikuwa akimchoma mwanamke huyu mara tatu, na hapa anamwaga kila kitu chini na hakuna hata pumba.

"Endelea," Paulina alisema, kila aliposimama kunyoosha mgongo. "Bado."

Gunia la tisa nalo lilianza kumwagika vizuri. Karanga zilitoka, zikafuatiwa na vumbi la kijivu, kisha mchanga, karibu kopo zima, ukamwagikia juu ya karanga safi. Raheli akashika kichwa. Sikudhani akaruka mbele.

"Haya! Si huu hapa? Si huu mch..."

Akauchota kwa vidole. Ardhi ya pale uani kwa Paulina ni nyekundu, inachafua hata nyayo. Mchanga huu ulikuwa wa kijivu, kama wa sokoni Majengo. Ndani yake kulikuwa na njiti za kiberiti, kizibo cha soda, na kokwa za tende, tano au sita, zilizonyonywa vizuri.

Sikudhani hula tende tatu kila siku saa nne asubuhi, kwa ajili ya nguvu. Alikuwa akila tende hizo mwaka huu, na mwaka ule pia.

Paulina aliinama, akaokota kokwa moja, akaifuta kwa kidole gumba, akaiweka kwenye kiganja cha Sikudhani.  

"Gunia hili lilikuwa langu," Sikudhani akasema mwishowe. "La kukalia."

"Na la mwaka ule?"

"La mwaka ule..." Alitazama kokwa. "Lilikuwa limetoka kwangu tupu. Kama haya."

"Hukulikung'uta."

"Sikulikung'uta."

Akaligeuza gunia, na maneno yake yalikuwepo, kumi na mawili, kwa mwandiko wake wa shule ya msingi. La saba karanga zilikuwa zimelisugua, nusu limefutika. 

"Raheli! La saba limeliwa. Njoo uone."

"Siji!" Binti alikuwa ameshageuka, uso ukutani. "Nilikuambia hata mimi. Zimebaki herufi ngapi za mwanzo?"

"Nne. Nne na nusu."

"Nne zinatosha. Maneno yenyewe yametoka kwenye orodha moja, ukiandika herufi nne, simu itakuletea lililobaki."

Raheli akaiandaa ile simu ya mtumba, akampa, kisha yeye na mama yake wakashika kanga kama pazia, kila mmoja ncha yake, migongo imempa Sikudhani, ili hata jirani mwenye kuni asione. Walisimama hivyo muda mrefu. Nyuma ya pazia zilisikika pumzi, na tusi dogo pale kidole kilipobonyeza herufi ya pembeni. Mara ya kwanza simu ilikataa. Sikudhani akaanza upya, neno kwa neno.

Kidole kikaacha kubonyeza.

"Mama Aiman?" Raheli aliuliza bila kugeuka. "Ziko?"

"Mia moja themanini na mbili."

"Zote?"

"Zote." Wala hakushangilia. "Ngoja nichome kwanza."

Akauza dola kumi palepale, kwa mtu asiyemjua, akiwa ameketi juu ya rundo la karanga. Mkono mmoja ulishika simu, na mwingine ulianza kufungua pindo la kanga, mafundo mawili. Akamrudishia Raheli simu yake.

"Haikulia njia nzima," alisema.

"Uliizima, mama."

"Niliizima." Akatafuta neno la kuongezea. Halikuwa limezoea kupita mdomoni mwake. "Mwezi ujao kodi usinipe."

Raheli alimwangalia kwa jicho la pembeni, kama mtu aliyepewa noti asiyoiamini. "Mbele ya mama umesema. Mama, umesikia?"

"Nimesikia."

Simu ya mtumba ikalia: shilingi zimeingia. Sikudhani akasoma ujumbe mara mbili, akauliza namba ya Paulina, akabonyeza. Kisimu cha tochi cha Paulina kikatetemeka kiunoni.

"Nini hiki?"

"Sado yako. Elfu kumi na mbili."

"Mwaka ule ilikuwa elfu sita."

"Leo ni kumi na mbili. Chukua ya leo."

Paulina aliisogeza simu mbali na macho, akaileta karibu. "Mimi nilikatwa karanga, sikukatwa hewa." Akavaa ndala, akatoka bila kuaga. Duka la wakala lilikuwa kona ya pili, wakamwona akiingia, akakaa, akatoka. Alirudi taratibu, noti mkononi. Alipofika chini ya jua lililokuwa limebaki uani akaziinua moja moja, akaziangalia upande huu na upande ule, akazinusa. Kisha akazikunja ndogo kabisa, akazifunga kwenye pindo.

"Deni limekwisha," alisema. "Sindano ile pale."

Magunia tisa yalikuwa wazi. Sikudhani akalikung'uta la kwake kwanza, mbali kule nje ya uzio, akaketi chini, akaanza kutia uzi.